Mtoto ametanguliza makalio na siku zimekaribia: ufanye nini, wiki kwa wiki

Mkunga anapapasa tumbo, anabonyeza chini ya mbavu, ananyamaza kidogo, anarudia palepale. Kisha anasema, "Kichwa kiko huku juu." Kuanzia hapo wengi hawasikii tena anachoelezwa. Mama anatoka kliniki na neno moja tu kichwani, upasuaji, na akifika nyumbani kila mtu ana dawa yake: lala hivi, inama vile, tafuta mtu wa kukukanda.

Nimeupanga mwongozo huu kwa wiki kwa sababu katika jambo hili wiki ndizo zinazoamua. Kinachofaa wiki ya 30 si kinachofaa wiki ya 37. Na kuna nafasi moja, ya kugeuzwa mtoto hospitalini, ambayo inakuja kwa muda mfupi na wajawazito wengi huipita bila kuambiwa kwamba ilikuwepo. Hiyo ndiyo sehemu niliyoiandika kwa urefu kuliko zote.

Hatua ya 1: Hesabu wiki zako vizuri

Wiki ya 28, karibu mtoto 1 kati ya 5 bado amekaa kitako tumboni. Hilo si tatizo. Nafasi bado ipo, anaogelea, anageuka anavyotaka. Kadiri anavyokua na nafasi kubana, wengi hushusha kichwa wenyewe, na ikifika wiki ya 37 wanaobaki wametanguliza makalio ni 3 au 4 tu kati ya 100.

Kwa hiyo, kama umeambiwa habari hii kabla ya wiki ya 32, kazi yako ni kuhudhuria kliniki kama kawaida na kulala usingizi. Kati ya wiki ya 32 na 35, fuatilia. Ukifika wiki ya 36 na kichwa bado kiko juu, hapo usisubiri tena "tuone kliniki ijayo". Kwa mama wa mimba ya kwanza, mtoto aliyefika wiki ya 36 akiwa amekaa kitako hugeuka mwenyewe mara 8 tu katika 100. Aliyewahi kuzaa ana matumaini zaidi, kwa kuwa misuli ya tumbo imelegea kidogo, ingawa ulegevu huohuo unaweza kumfanya mtoto ageuke leo na kurudi kesho.

Hakikisha pia kwamba wiki zenyewe ni sahihi. Altrasaundi ya miezi mitatu ya kwanza ndiyo inayokadiria umri wa mimba kwa uhakika zaidi. Ile ya mwishoni inaweza kukosea kwa wiki 2 au hata 3. Ukiwa na kipimo cha mapema kwenye kadi yako, tarehe hiyo ndiyo ya kufuata.

Hatua ya 2: Thibitisha kwa altrasaundi, na uulize maswali yake

Dalili unaweza kuzihisi mwenyewe. Kitu kigumu, cha mviringo, kinachochezacheza ukikisukuma chini ya mbavu, huenda ni kichwa. Mateke yanapigwa chini, kwenye kibofu, mpaka unakimbilia chooni. Mkunga anayapata mapigo ya moyo ya mtoto juu ya kitovu chako badala ya chini yake. Lakini mikono hudanganyika, hata ya mkunga mzoefu. Makalio yaliyobana kwenye nyonga yanaweza kudhaniwa ni kichwa, na kichwa kikadhaniwa ni makalio. Kabla ya uamuzi wowote, lazima kipimo kifanyike.

Usitoke kwenye chumba cha altrasaundi na jibu la "amekaa kitako" peke yake. Kuna mambo mengine ambayo daktari atayahitaji, na wewe pia uyajue.

La kwanza ni namna alivyokaa. Wengi wana makalio chini na miguu imenyooka kwenda juu, nyayo ziko karibu na uso. Wengine wamekunja magoti, kama mtu aliyekaa chini na kupishanisha miguu. Kundi la tatu, lenye wachache, mguu mmoja au yote miwili imetangulia chini ya makalio. Tofauti hii ina uzito mkubwa. Makalio yenye miguu iliyonyooka huziba njia vizuri kama kizibo, hivyo chupa ikipasuka ni nadra kamba ya kitovu kuchomoka. Miguu ikitangulia, panabaki uwazi, na kamba inaweza kutoka kabla ya mtoto.

Mengine ni haya: kondo la nyuma limekaa wapi, je, limeziba njia? Maji ni mengi kupita kiasi, machache, au ya kawaida? Makadirio ya uzito ni kilo ngapi? Shingo ya mtoto imeinama au kichwa kimetazama juu? Kuna uvimbe wa fibroidi au umbo lisilo la kawaida la mfuko wa uzazi? Omba yaandikwe yote.

Ikiwa jibu ni kwamba mtoto amelala mkingamo, yaani ubavu kwa ubavu, hiyo ni hali nyingine na ina mpango wake. Mtoto wa hivyo hawezi kutoka kwa njia ya kawaida akiwa amelala vile, kwa hiyo ongea na daktari siku hiyohiyo.

Hatua ya 3: Acha kutafuta kosa lako

Hukusababisha. Si kiti ulichokalia, si mzigo ulioubeba, si ugomvi na mtu. Wakati mwingine sababu inaonekana: mapacha, maji mengi au machache, fibroidi, kondo lililokaa chini, mfuko wa uzazi wenye kizuizi katikati, au mimba iliyotangulia nayo ilikuwa hivi. Mara nyingi haionekani sababu yoyote, mtoto mzima, mama mzima.

Lakini moyo hauelewi takwimu saa nane za usiku. Kama ulikuwa umejiandaa kwa namna fulani ya kuzaa na sasa inaelekea kubadilika, kusikitika ni haki yako. Huna haja ya kuambiwa "shukuru tu mtoto yuko salama". Kinachosaidia wengi ni vitu vidogo: daftari la maswali ili yasizunguke kichwani, mtu mmoja wa kwenda naye hospitali ambaye anasikiliza zaidi ya kuzungumza, na jibu fupi la kuwapa ndugu wenye ushauri. "Tunasubiri daktari" linatosha. Hawatanyamaza, lakini wewe utakuwa umeshajibu.

Hatua ya 4: Njia za nyumbani, kwa kiasi

Zoezi linalotajwa sana ni la kupiga magoti, kifua kikashushwa mpaka karibu na sakafu na makalio yakabaki juu, kwa dakika 10 hadi 15, mara mbili kwa siku. Wazo ni kwamba makalio ya mtoto yatoke kwenye nyonga ili apate pa kugeukia. Tafiti zilizopo hazijaonyesha kwamba linageuza watoto zaidi ya wanaogeuka wenyewe. Kwa mjamzito asiye na tatizo lingine halina madhara, na linampa mtu kitu cha kufanya, jambo ambalo si dogo. Ukihisi kizunguzungu, acha. Kama una shinikizo la damu au umewahi kutokwa na damu katika mimba hii, uliza kwanza.

Ipo pia tiba ya Kichina ya kuchoma mmea uliokaushwa karibu na pembe ya kidole kidogo cha mguu, bila kugusa ngozi, katika wiki ya 33 hadi 35. Tafiti kadhaa zinaonyesha inaweza kusaidia kidogo, na baadhi ya miongozo ya uzazi inairuhusu ikifanywa na mtu aliyefundishwa. Kumulika tochi chini ya tumbo, kuweka muziki au barafu: sijaona ushahidi wa maana, na barafu juu ya tumbo siipendi.

Kitu kimoja usikubali kabisa: kukandwa tumbo kwa nguvu ili mtoto ageuzwe nyumbani. Utaambiwa hata hospitalini wanafanya hivyohivyo kwa mikono. Ni kweli mikono inatumika. Lakini hospitalini wanajua kondo liko wapi, wanasikiliza moyo wa mtoto kabla na baada, wamelegeza mfuko wa uzazi kwa dawa, na chumba cha upasuaji kiko karibu endapo kondo litabanduka au moyo wa mtoto utashuka. Nyumbani kondo likibanduka, damu inaweza kumwagika ndani bila mtu kuona, na muda wa kumwokoa mtoto ni mfupi mno. Vilevile usinywe dawa za miti za kuleta uchungu. Uchungu haumgeuzi mtoto.

Hatua ya 5: Uliza kuhusu kugeuzwa mtoto hospitalini

Hii ndiyo nafasi niliyoitaja mwanzoni. Daktari au mkunga aliyebobea humgeuza mtoto kwa kusukuma kupitia ukuta wa tumbo, bila kukata popote. Hufanywa kuanzia wiki ya 36 kwa mimba ya kwanza na wiki ya 37 kwa aliyewahi kuzaa. Mapema zaidi ya hapo mtoto anaweza kurudi alivyokuwa, au akahitaji kuzaliwa kabla hajakomaa. Ukichelewa sana, makalio yanabana kwenye nyonga na maji yanapungua.

Kama hakuna aliyekutajia, taja wewe. Sema hivi: "Daktari, naomba kujua kama ninafaa kugeuzwa mtoto. Kama hapa haifanyiki, naweza kupewa rufaa ya kwenda wapi?" Nusu ya pili ya swali ndiyo ya muhimu, maana si kila hospitali ina mtu mwenye ujuzi huo, na kutofanyika pale ulipo haimaanishi kwamba hakukufai.

Kugeuzwa hakuwafai wote. Hutageuzwa kama kondo limeziba njia, kama umetokwa na damu siku chache zilizopita, kama chupa imeshapasuka, kama una mapacha, kama mapigo ya moyo ya mtoto hayaridhishi, au kama kuna sababu nyingine ya kukufanyia upasuaji hata mtoto angekuwa ametanguliza kichwa. Aliyewahi kupasuliwa mara moja haondolewi moja kwa moja. Hilo huamuliwa na daktari kwa kuangalia historia yake.

Siku yenyewe inakwenda takriban hivi. Unapimwa tena altrasaundi, kwa sababu wapo wanaofika na kukuta mtoto amegeuka njiani. Unafungwa mkanda wa kusikiliza moyo wa mtoto kwa dakika 20 hadi 40. Unakwenda haja ndogo; kibofu kikiwa tupu kazi inakuwa rahisi. Unapewa dawa ya kulegeza mfuko wa uzazi, mara nyingi kwa sindano, na kwa dakika chache moyo wako utakwenda mbio na mikono itatetemeka. Usishtuke, ni dawa. Unalala chali ukiwa umeegemezwa kidogo upande mmoja, magoti yamekunjwa, tumbo limepakwa mafuta au jeli. Daktari anayainua makalio ya mtoto kutoka kwenye nyonga kwa mkono mmoja, anasukuma kichwa kwa mkono wa pili, na mtoto anapiga sarakasi polepole mpaka kichwa kinashuka. Kusukuma kwenyewe kwa kawaida hakuzidi dakika chache.

Inauma? Ukweli ni kwamba inatofautiana. Wapo wanaosema ni usumbufu tu, wapo wanaotokwa na machozi. Ukikaza tumbo inakuwa ngumu zaidi, kwa hiyo pumua nje taratibu na legeza mabega, taya na mikono; tumbo hufuata. Una haki ya kusema "acha" wakati wowote, na lazima wakuache. Kubaliana na daktari mapema utumie neno gani.

Baadaye unafungwa tena mkanda wa mapigo ya moyo. Kama damu yako ni Rh hasi (kundi lenye alama ya kutoa, kama O- au A-), sharti upate sindano ya anti-D, inayozuia mwili wako kutengeneza kinga dhidi ya damu ya mtoto. Likumbushe hilo mwenyewe, usitegemee kadi isomwe. Wengi hurudi nyumbani siku hiyohiyo. Rudi haraka ukiona damu, maji, maumivu ya tumbo yasiyoachia, au mtoto akipunguza kucheza.

Sasa matarajio. Inafanikiwa kwa karibu nusu ya wanaojaribu: takriban 40 kati ya 100 kwa mimba ya kwanza, na 60 kati ya 100 kwa waliowahi kuzaa. Akishageuka, wanaorudi kukaa kitako hawafiki 5 kati ya 100. Hatari ya kuhitaji upasuaji wa dharura ni kama mama 1 kati ya 200, na hiyo ndiyo sababu jambo hili halifanywi mbali na chumba cha upasuaji. Isipofanikiwa, wengine hupewa jaribio la pili siku nyingine. Kushindikana hakumaanishi kwamba ulikaza sana au hukuvumilia. Mahali kondo lilipo, wingi wa maji na jinsi makalio yalivyoshuka vina nguvu kuliko uvumilivu wako.

Maoni yangu: kama unafaa na mwenye ujuzi yupo, jaribu. Ni nusu saa ya usumbufu kwa nafasi nzuri ya kuzaa kwa njia ya kawaida. Lakini anayekataa baada ya kuelezwa yote haya hajakosea pia.

Hatua ya 6: Chagua njia ya kuzaa, ukijua unachochagua

Mtoto akibaki kitako, njia ni mbili: upasuaji uliopangwa, au kujifungua kwa njia ya kawaida akitangulia makalio.

Elewa kwanza hatari iko wapi. Mtoto anapotanguliza kichwa, sehemu kubwa na ngumu kuliko zote hupita mwanzo. Ikipita, mwili unateleza. Akitanguliza makalio, mwili mwembamba unaweza kutoka huku njia haijafunguka vya kutosha kwa kichwa, na wakati huo kamba ya kitovu imebanwa kati ya kichwa na nyonga. Dakika hizo chache za mwisho zinahitaji mtu anayejua afanye nini na, zaidi ya hapo, ajue wakati wa kutofanya kitu. Mtoto wa makalio havutwi. Akivutwa, mikono hupanda juu kando ya kichwa na shingo hukunjuka, na hapo ndipo anapokwama.

Mwaka 2000 ulichapishwa utafiti mkubwa uliohusisha wanawake 2,088 katika nchi 26. Waliopangiwa upasuaji, watoto waliofariki au kupata madhara makubwa mwanzoni walikuwa asilimia 1.6, waliopangiwa njia ya kawaida, asilimia 5. Hospitali nyingi duniani ziliacha kuzalisha makalio karibu mara moja. Watoto walipofuatiliwa hadi umri wa miaka 2, hata hivyo, tofauti ya vifo na ya ukuaji wa ubongo kati ya makundi hayo haikuonekana. Na mwaka 2006 utafiti wa Ufaransa na Ubelgiji, wa wanawake zaidi ya 8,000, haukukuta tofauti kubwa ya namna hiyo pale akina mama walipochaguliwa kwa uangalifu na kuhudumiwa na wazoefu. Uingereza, makadirio wanayopewa wajawazito ni kifo cha mtoto 0.5 kati ya 1,000 kwa upasuaji uliopangwa baada ya wiki ya 39, na 2 kati ya 1,000 kwa njia ya kawaida akitanguliza makalio. Aliyetanguliza kichwa na kuzaliwa kawaida ni 1 kati ya 1,000. Makadirio hayo yanatokana na huduma yenye wataalamu na vifaa. Pasipo na hivyo, hesabu si hiyo.

Upasuaji nao una bei yake, na mama ndiye anayeilipa: kupoteza damu, maambukizi ya kidonda, damu kuganda miguuni, kupona taratibu zaidi. Katika mimba zijazo kovu linaweza kuachia, au kondo likajishika kwenye kovu na kuwa gumu kutoka. Kama unatarajia kuzaa tena mara kadhaa, liweke hilo kwenye mizani.

Njia ya kawaida inafikirika pale ambapo mtoto ana makalio chini, si miguu, kichwa kimeinama, uzito si mdogo mno wala hauzidi takriban kilo 3.8, na nyonga ya mama haijawahi kuleta shida. Halafu sharti lililo zito kuliko yote: mzoefu awepo saa utakayozaa, hata ikiwa alfajiri ya sikukuu. Usione haya kuuliza: "Umezalisha makalio mara ngapi? Ukiwa hupo zamu, nani atakuwepo? Chumba cha upasuaji kinaandaliwa kwa dakika ngapi?" Jibu likiwa la kusitasita, mimi ningechagua upasuaji bila kujuta. Ujue pia kwamba karibu 4 kati ya 10 wanaoanza njia ya kawaida humalizia kwa upasuaji wa dharura.

Ukichagua upasuaji, kwa kawaida hupangwa wiki ya 39, kwa sababu mapafu ya mtoto anayetolewa mapema zaidi bila uchungu husumbua mara nyingi. Asubuhi ya siku hiyo omba altrasaundi kabla ya kuingia. Mtoto akiwa amegeuka, unavaa nguo zako na kurudi nyumbani kusubiri uchungu, na ni kisa kinachotokea.

Hatua ya 7: Panga kwa ajili ya uchungu usiofuata kalenda

Watu hupanga tarehe ya upasuaji, wakasahau kwamba mtoto hana kalenda. Kuanzia wiki ya 36 begi liwe tayari, namba za usafiri wa saa yoyote ziwe kwenye simu yako na ya mtu mwingine nyumbani, na kila anayekaa nawe ajue sentensi hii: "Mtoto ametanguliza makalio." Iwe ndiyo sentensi ya kwanza mnayosema mapokezi.

Uchungu ukianza, nenda mapema, usihesabu dakika nyumbani. Chupa ikipasuka, nenda hapohapo hata kama huna maumivu.

Chupa ikishapasuka, jiangalie. Ukiona au kuhisi kamba imetoka ukeni, hiyo ni dharura ya dakika. Piga magoti na viwiko sakafuni, kichwa chini, makalio juu, ili uzito wa mtoto usiibane kamba. Usiirudishe ndani, usiishikeshike. Mwingine apige simu ya dharura. Kwenye gari lala kwa ubavu wa kushoto na mito chini ya nyonga ili ibaki juu. Usiendeshe mwenyewe.

Na ikitokea makalio yanaanza kuonekana kabla hamjafika? Yeyote aliye nawe apige simu ya dharura na kufuata maelekezo, pawe na joto, mtoto apokelewe juu ya kitu laini, na asivutwe. Mama asukume uchungu unapokuja. Kinyesi cheusi cha mtoto kutoka wakati makalio yanashuka ni kawaida kwa sababu tumbo lake linabanwa, lakini mweleze mhudumu.

Hatua ya 8: Akishazaliwa, fuatilia nyonga

Kwa siku kadhaa mtoto aliyekaa miguu juu ataendelea kuinua miguu mpaka usoni, utadhani anataka kunusa vidole vyake. Makalio na sehemu za siri zinaweza kuwa zimevimba au kuwa na rangi ya michubuko kama alizaliwa kwa njia ya kawaida. Vyote hupungua vyenyewe.

Kinachosahaulika ni kiungo cha nyonga. Watoto waliokaa kitako mwishoni mwa mimba wako katika hatari kubwa zaidi ya nyonga isiyokaa vizuri kwenye kikombe chake, wasichana hasa. Upasuaji hauondoi hatari hiyo, na wala kugeuzwa baada ya wiki ya 36 hakuiondoi. Kwa hiyo omba nyonga zikaguliwe kabla ya kutoka hospitali, kisha altrasaundi ya nyonga mtoto akiwa na takriban wiki 6. Ikigundulika mapema, mara nyingi hutibiwa kwa mikanda laini inayoshika miguu ikiwa imekunjwa na kupanuka. Ikigundulika ameshaanza kutembea, mara nyingi ni kisu.

Usimfunge nguo kwa kumnyoosha miguu na kuibana pamoja. Miguu iwe huru kukunjika na kufunguka. Mbeleko inayoyaacha mapaja yamepanuka na magoti yakiwa juu kidogo ya makalio ni nzuri kwake. Mimba ijayo, mweleze mkunga tangu siku ya kwanza, maana uwezekano wa mtoto mwingine kukaa kitako ni kama 1 kati ya 10.

Wakati wa kubadilisha nepi, angalia kama mapaja yote mawili yanafunguka sawa. Upande mmoja ukigoma, mikunjo ya ngozi ikipishana sana, au mguu mmoja ukionekana mfupi, mpeleke wiki hiyohiyo, usisubiri miadi.